Mwenye Shilingi Elfu Thelathini Anunue Kadi Gani?

MIONGONI mwa mambo yanayozungumzwa mno na vijana wetu wa Pwani siku hizi, ukiacha mpira na kazi, ni bei ya kadi ya grafiki. Mzee asiyekijua kitu hicho huenda akadhani ni karata mpya iliyoingia mjini. Lakini kijana aliyejiwekea akiba ya shilingi elfu thelathini kwa mwaka mzima, akitaka kuigeuza kompyuta ya nyumbani iwe ya kuchezea gemu, anajua ya kwamba kadi hiyo ndiyo itakayomlia fedha zake kuliko kifaa kingine chochote.

Kwa msomaji ambaye mambo haya ni mageni kwake, nitaeleza kwa ufupi. Kompyuta ina prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu za jumla. Kadi ya grafiki ni chombo cha pili, chenye chipu yake na memori yake, na kazi yake ni kuchora picha zinazotokea kwenye skrini, mara sitini au zaidi kwa kila sekunde. Bila ya kadi hiyo, kompyuta itaandika barua na kufungua intaneti vizuri, ila ukiitia gemu kubwa hujikokota kama hamali aliyetwikwa magunia matatu.

Wala kadi hiyo si ya mchezo mtupu. Kijana huyo huyo anayecheza usiku, mchana aweza kuitumia kuhariri video za harusi na kutengeneza matangazo ya biashara, akajipatia riziki. Ndiyo sababu naona suala hili lastahili kuzungumzwa na watu wazima pia, hasa wale wanaoombwa kuongeza kilichopungua katika akiba.

Kidato kilichong'olewa

Swali la kwanza ni hili: kwa nini kadi za bei ya chini zimeadimika? Mwaka 2016 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa kadi ya GeForce GTX 1050 Ti kwa dola 139, na kadi hiyo iliwatosha wengi kwa gemu za wakati wake. Mwaka 2019 ikaja GTX 1650 kwa dola 149. Baada ya hapo mambo yakageuka. RTX 3050 ya mwaka 2022 ilitangazwa kwa dola 249, na RTX 5050 ya mwaka 2025 nayo ikatangazwa kwa dola hizo hizo 249. Kidato cha chini cha ngazi, alichokuwa akikikanyaga mnyonge, ni kama kimeng'olewa.

Sababu yake haifichiki. Katika mwaka wa hesabu uliomalizika Januari 2020, Nvidia iliingiza dola bilioni 10.9, na zaidi ya nusu yake, yaani bilioni 5.5, zilitokana na gemu. Katika mwaka uliomalizika Januari 2025 mapato yalifika dola bilioni 130.5. Fungu la gemu lilikuwa kiasi cha bilioni 11.4 tu, na bilioni 115 zilitokana na vituo vikubwa vya kompyuta, ambavyo siku hizi vinaendesha akili bandia. Je, mvuvi aliyepata mnunuzi wa papa mzima ataendelea kukaa sokoni akikata vipande vya shilingi mbili mbili? Nvidia haijawaacha wacheza gemu, lakini si wao tena wanaoiweka mjini.

Tena athari haikukoma hapo. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda kwa kasi duniani, kwa vile viwanda vilikuwa vikielekeza memori yao kwenye vituo hivyo hivyo. Mwezi wa Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuwa itaacha kuwauzia wanunuzi wa rejareja memori zake za jina la Crucial. Waliokuwa wakisema, "Tungoje, bei zitashuka," wamejionea wenyewe kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwetu Kenya lipo zigo jingine. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola moja, kilichokuwako mwaka 2025, dola 249 ni zaidi ya shilingi 32,000. Ongeza VAT ya asilimia 16 nawe utapita 37,000, kabla ya nauli ya mzigo na faida ya mwenye duka. Kijana wetu wa elfu thelathini ameachwa nje ya mlango.

Tazama kwanza umeme

Afanye nini basi? Kwa maoni yangu, wengi huanza na jina la kadi, ilhali ingewafaa waanze na kompyuta waliyo nayo. Nyingi tunazonunua hapa ni zile zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, mathalan Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni mashine imara, lakini pawasapalai yake, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ni ndogo, na mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi itakayotiwa humo itapata umeme kutoka kwenye tundu lake tu, na tundu hilo halitoi zaidi ya wati 75.

Mwenye mashine ya namna hiyo asibabaishwe na majina makubwa. Inayomfaa ni RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024 kwa dola 169, ambayo hutumia wati 70 bila waya wowote wa ziada. Ukipiga hesabu kwa kiwango kile kile na kutia VAT, ni kama shilingi 25,300 kabla ya nauli na faida. Hapo akiba ya elfu thelathini yaweza kutosha. Ila ajihadhari, kwani iko RTX 3050 nyingine ya gigabaiti 8 inayotaka wati 130 na waya wake. Jina ni moja, tabia ni mbili. Na kama kompyuta ni ile nyembamba, apime nafasi kwanza na kutafuta kadi fupi ya kimo, la sivyo kifuniko hakitafunga.

Mwenye kompyuta kubwa na pawasapalai ya kutosha ana uwanja mpana zaidi. Radeon RX 6600, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na gigabaiti 8, hutumia wati 132 tu na ni chaguo jema ikipatikana ya mtumba iliyotunzwa. Intel nao walitoa Arc B580 mnamo Desemba 2024 kwa dola 249, ikiwa na gigabaiti 12. Hiyo ni memori nyingi kwa bei hiyo, lakini yataka kompyuta isiyo ya zamani, kwa Intel kuanzia kizazi cha kumi hivi. Ukiitia kwenye mashine kuukuu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Kuhusu memori, gigabaiti 4 zimepitwa na wakati. Anayecheza Valorant, Counter-Strike 2 au GTA V hahitaji makubwa, na kadi ndogo itamridhisha. Lakini Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025 zinataka kadi yenye vyombo maalumu vya kufuata miale ya mwanga, ambavyo kadi za GTX hazina. Isitoshe, mwezi wa Oktoba 2025 Nvidia ilikoma kuwatolea wenye GTX 1060 na wenzake programu mpya za kila gemu, ikawabakishia marekebisho ya usalama tu. Kwa hivyo GTX ya mtumba, hata ikiwa rahisi, ni ya gemu za jana.

Mbuzi kwenye gunia

Kwa kuwa fedha ni chache, wengi wataishia kwenye mtumba, na hapo ndipo penye hatari. Zimo sokoni kadi zilizofanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum, kazi iliyokoma Septemba 2022. Kadi hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimechoka. Zimo pia RX 580 zenye maandishi ya 2048SP, zilizotolewa kwa soko la China mwaka 2018, zenye nyuzi za kuchorea 2,048 badala ya 2,304 za RX 580 yenyewe. Na zimo bandia kabisa, ambazo ndani yake ni chipu ya zamani iliyoandikwa jina jipya.

Dawa yake ni kuiona kadi ikifanya kazi kabla ya kutoa fedha. Mnunuzi aombe itiwe kwenye kompyuta pale pale, aendeshe programu ya bure iitwayo GPU-Z inayoitambua chipu, kisha achezeshe gemu kwa nusu saa akisikiliza feni. Muuzaji mwema hatakataa. Anayekataa, mwachie kadi yake, hata kama bei yake inakutoa mate. Nao wenye maduka wafahamu kwamba kuificha ila ya bidhaa ni ghushi, sawa na kupunja mizani ya mchele. Mizani ya mchele mnunuzi aweza kuiona kwa macho, lakini chipu haonyeshwi mtu.

Mzazi naye asikimbilie kukemea. Mtoto aliyelinganisha wati, gigabaiti na bei, akazuia mkono wake mpaka akapata inayomfaa, amejifunza kununua. Amwulize maswali matatu tu: pawasapalai ina wati ngapi, unataka kucheza gemu gani, na muuzaji amekuonyesha kadi ikiwaka? Akijibiwa yote, na amwongezee hizo elfu mbili zilizopungua.