Stara isizuie kupimwa moyo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nyumba nyingi za Igogo zimejengwa juu ya miamba, na mama wa nyumba hizo hupanda mawe kila siku akiwa na ndoo ya maji au kapu la sokoni. Anapoanza kuhema kuliko desturi yake, miguu ikavimba, au kifua kikambana, husema ni uchovu au ni gesi. Wengine nyumbani husema ni jini. Akishauriwa kwenda kupimwa moyo, huuliza: je, nitavuliwa nguo mbele ya mwanamume? Swali hilo ni la haki na halifai kudharauliwa. Lakini jibu lake lisiwe kubaki nyumbani.

Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume (s.a.w.) akamzuru, akaweka mkono kifuani pake, akamjulisha kuwa ana maradhi ya moyo, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, aliyekuwa tabibu. Wanazuoni wameijadili isnadi yake, lakini amri ya kujitibu imethibiti katika hadithi nyingine. Naye Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa mwanachuoni wa fiqhi ya Shafi na pia tabibu aliyeeleza jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo na kupita mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Hakuona mgongano baina ya elimu hizo mbili.

Basi tuvijue vipimo vyenyewe. Cha kwanza ni presha, ambacho hufungwa mkononi tu. Ikirudiwa kupimwa na kuonekana 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Cha pili ni kipimo cha umeme wa moyo, kiitwacho ECG. Waya hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni kwa dakika chache. Hausukumwi umeme wowote mwilini, bali husomwa ule ambao moyo wenyewe huutoa. Cha tatu ni eko, kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha milango ya moyo na nguvu ya kusukuma damu. Hakina mionzi, na mjamzito hufanyiwa bila hofu. Hicho ndicho hufichua milango iliyoharibika kutokana na homa ya baridi yabisi, ambayo chanzo chake ni maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Huongezwa eksirei ya kifua na vipimo vya damu: sukari, lehemu, na troponini, ambayo hupanda msuli wa moyo unapojeruhiwa.

Kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu. ECG yaweza kuwa safi na moyo ukawa mgonjwa. Kwa hiyo dalili zikiendelea, mrudisheni mgonjwa. Huduma hizi zipo Mwanza, kama vile Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Anayehitaji mrija uingizwe mshipani kutazama mishipa ya moyo aweza kupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015.

Sasa turudi kwenye stara. Mafakihi wamekubaliana kwamba haja ya matibabu huruhusu kufunua kilicho lazima, na kwa kiasi cha haja tu. Aombwe kwanza mhudumu mwanamke. Asipopatikana, mwanamume apime, na mume, maharimu au mwanamke mwingine awepo. Mama avae nguo inayofunguka mbele, aje na kanga ya kujifunika, na aombe pazia lifungwe. ECG na eko havihitaji kichwa kufunuliwa. Kuomba haya si ukaidi, ni haki ya mgonjwa. Na mume anayemzuia mkewe kwa jina la wivu, ilhali mlango huu wa sheria uko wazi, ajiulize atajibu nini mbele ya Mola wake.

Jambo la mwisho ni mali. Mtu akifa, ukoo mzima huchanga, na pilau ya arobaini hupikwa kwa masufuria. Akiwa hai na ameandikiwa eko, huachwa ahangaike na wanawe peke yao. Mchango wa uhai una haki ya kutangulia. Ukoo uliokwisha zoea kukusanyana msibani hauhitaji chama kipya. Unahitaji kukutana mapema zaidi, mgonjwa akiwa bado amekaa miongoni mwao.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuzitumia neema za elimu. Wallahu aalam.