Ati Ajali Haina Kinga!

Kuna methali moja ambayo watu wetu huikimbilia kila yanapotokea maafa: "Ajali haina kinga." Gari lililokwenda mbio kupita kiasi lapinduka, methali yaletwa. Mashua iliyojazwa watu kama magunia yazama, methali yaletwa tena. Hunenwa kwa sauti ya upole, vichwa hutikiswa, maiti huzikwa, na neno limekwisha. Mimi ni mwalimu, na hekima ya wahenga naiheshimu; lakini nanena bila ya kificho kwamba methali hii imegeuzwa kuwa maficho ya wavivu, na ya wale wasiopenda kutoa fedha zao. Ushahidi wangu si maneno matupu. Ushahidi wangu ni mnara wa taa.

Mnara huo wasimama juu ya jabali liitwalo Split Rock, ukingoni mwa Ziwa Superior, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Miongoni mwa maziwa ya maji yasiyo na chumvi, hilo ndilo lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, na Ziwa Victoria letu ndilo la pili. Mtu asidanganyike na jina la ziwa. Upepo ukivuma juu ya maji mapana namna hiyo, mawimbi huinuka kama ya bahari. Tena ukingo ule ni wa majabali matupu, na chuma kilichomo ardhini huivuta sindano ya dira, hata nahodha akadhani yu katika njia yake, kumbe aelekea mwambani.

Mwishoni mwa Novemba 1905 tufani kubwa ilivuma juu ya ziwa hilo. Meli zipatazo 29 zilizama au ziliharibika. Moja, iliyoitwa Mataafa, ilijaribu kuingia bandari ya Duluth. Ikagonga gati la mlangoni, ikavunjika mbele ya macho ya maelfu ya watu waliosimama nchi kavu. Mawimbi hayakuruhusu mashua yoyote kuwaendea. Mabaharia 9 waliokwama upande wa tezi walikufa usiku ule kwa baridi, na mji u karibu nao. Katika tufani iyo hiyo tishali lililoitwa Madeira lilipondwa kwenye majabali yaliyo jirani na Split Rock.

Sasa sikilizeni vizuri. Meli kadhaa kati ya zile zilizopatwa na msiba ule zilikuwa mali ya kampuni moja kubwa ya chuma. Je, wenyewe walisema kwamba ajali haina kinga? Hawakusema. Walikwenda Washington kudai kinga, na mwaka 1907 Bunge la Marekani likatenga dola 75,000 za kujengea mnara. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Mabaharia walikuwa wakifa katika maji yale miaka mingi kabla ya hapo. Baharia akifa, twaambiwa ni ajali. Meli ikipotea, yaitwa hasara, na hasara hutafutiwa dawa upesi.

Tazameni basi dawa yenyewe. Pale mahali hapakuwa na barabara. Matofali, saruji na vyuma vililetwa kwa mashua hadi chini ya jabali, kisha vikapandishwa juu kwa winchi ya mvuke. Mhandisi Ralph Russell Tinkham hakujenga mnara mrefu, kwa kuwa jabali lenyewe lina kimo cha futi 130 hivi. Mnara wa futi 54 ulitosha. Ni wa pembe nane, kuta zake ni za matofali yaliyoshikizwa na chuma, na msingi wake ni wa zege. Juu yake iliwekwa lenzi kubwa iliyotengenezwa Paris, iliyoelea juu ya zebaki ili izunguke kwa wepesi. Iliizungushwa kwa mitambo kama ya saa, ikivutwa na mawe ya uzani yaliyoshuka polepole ndani ya mnara, na mlinzi ilimpasa kuyapandisha tena na tena usiku kucha.

Hakuna pambo hapo. Kila kitu ni jibu la hatari fulani. Jabali na mnara viliiweka taa juu ili ionekane mbali. Lenzi iliukusanya mwanga wa taa moja ya mafuta, ikaurusha ziwani maili zaidi ya 20. Mwako mmoja kila sekunde 10 ulimjulisha nahodha kwamba hii ni taa ya Split Rock wala si nyingine. Na kwa kuwa ukungu huufunika mwanga wowote, kando ya mnara palijengwa nyumba ya ving'ora. Taa iliwashwa mwaka 1910. Kama ajali haina kinga, vitu vyote hivi ni nini?

Yamkini mtu atanijibu kwamba hata walinzi wa taa walikufa maji. Ni kweli: Oktoba 1910, taa ikiwa changa, wasaidizi wawili wa mlinzi walizama wakiwa katika mashua ndogo. Sikatai kwamba hatari haiishi. Neno "ajali," kwa asili yake ya Kiarabu, ni muda uliowekwa, yaani saa ya mtu ya kufa. Na saa hiyo hakika hakuna aizuiaye. Lakini sisi tumelinyosha neno hilo hata likafunika uzembe, tamaa na ubahili. Huko si kumcha Mungu, ni kumsingizia.

Mwingine atasema kwamba minara imepitwa na wakati, kwani vyombo vya kisasa vinatosha. Naam, taa ya Split Rock ilizimwa mwaka 1969 kwa sababu hiyo, na leo mahali pale ni pa kumbukumbu ya historia. Lakini tarehe 10 Novemba 1975, upande wa pili wa ziwa lile lile, meli Edmund Fitzgerald ilizama na watu wake wote 29. Wataalamu bado wabishana kuhusu sababu. Hili lakini lajulikana: kabla ya kuzama, rada zake zote mbili zilikuwa zimeharibika, na mtambo wa redio wa kuongoza meli kwenye rasi ya Whitefish ulikuwa umezimika. Kinga isiyotunzwa, na isiyo na mwenzake wa kuisaidia, si kinga. Kila mwaka tarehe hiyo taa ya Split Rock huwashwa, na majina ya wale 29 husomwa.

Nasi je? Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza aiweza. Hapo haikutakiwa lenzi ya Paris, alitakiwa mtu mmoja wa kusimama gatini na kusema, "Imetosha."

Ninyi vijana mtakuwa wahandisi, madiwani, manahodha na abiria. Siku mtakapoambiwa kwamba ajali haina kinga, ulizeni: kinga ilikuwa gani, bei yake ngapi, na nani alikataa kuitoa? Msingoje maiti ziwe ndizo zinazoombea fedha. Wahenga hao hao walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Kinga hiyo ya pili ni kijinga cha moto, najua, lakini maana yake yatufaa papa hapa. Kila mmoja alete chake, na taa itawaka kabla meli haijavunjika.