Yetro Aliuliza Kwanza



Maneno hayakosekani kazini. Ufukoni mwa Tanganyika, wavuvi wanaporudi asubuhi na ndagala, sauti husikika mbali. Katika atelie za cherehani, za mbao na za pikipiki, midomo haitulii mchana kutwa. Hata hivyo, tukiyapima maneno hayo, mengi ni amri, makaripio na masengenyo. Mazungumzo yenye shabaha, yaani yale ya kuketi na mwenzetu ili kazi yake isonge mbele na yeye mwenyewe apate nguvu, ni haba. Twaona kwamba uhaba huo huwakatisha tamaa vijana wengi, na kwamba dawa yake tunayo tayari katika imani yetu.

Tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Yetro, kuhani wa Midiani na mkwe wa Musa, anamtembelea Musa jangwani. Kwanza wanajuliana hali. Yetro anasikiliza habari za wokovu, anafurahi, wanakula pamoja. Kesho yake anamwona Musa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Hamkemei. Anamwuliza anafanya nini, na kwa nini yuko peke yake. Baada ya kusikia jibu ndipo anapomwambia wazi kwamba mwenendo huo si mwema, maana utamchosha yeye pamoja na watu. Kisha anapendekeza jambo linalowezekana: wachaguliwe wakuu wa watu elfu, mia, hamsini na kumi, ili waamue mambo madogo. Shauri analiweka mikononi mwa Musa na mbele ya Mungu, naye anarudi kwao.

Mazungumzo hayo mafupi yalibadili kazi ya taifa zima. Yetro alitazama, akauliza, akasikiliza, akasema kweli, akamwachia mwenzake kuamua. Tena faida haikuishia kwa Musa: watu wengi ambao jana walikuwa watazamaji tu walikabidhiwa madaraka.

Kanisa limeifuata njia ya namna hiyo hata karibu na nyakati zetu. Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristu (JOC) mwaka 1925, aliwazoeza vijana wa viwandani kuzungumza juu ya maisha yao kwa hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mwaka 1961 Papa Yohane wa XXIII alizipendekeza hatua hizo katika barua yake Mater et Magistra. Nasi twazijua katika mashirika yetu, tunaposoma Injili na kuitazama hali ya mtaa. Ajabu ni kwamba Jumatatu tunapokwenda kazini tunaziacha nyumbani.

Tuchukue mfano. Msichana anayejifunza kushona anachelewa kila siku. Fundi anamwita mvivu mbele ya wateja, naye anainama kwa aibu. Baada ya mwezi harudi tena. Je, ingekuwaje kama fundi angemwita kando na kumwuliza ni nini kinachomchelewesha? Huenda angesikia kwamba kuna wadogo wa kuhudumia na maji ya kuteka kabla ya kutoka. Hapo wangepatana saa inayowezekana, na fundi angemkabidhi nguo moja aikate na kuimaliza mwenyewe. Kosa la kuchelewa lingebaki kosa, lakini msichana angebaki na kazi, na heshima yake pia.

Kuna watakaosema: maneno hayajazi sufuria. Ni kweli, na tusidanganyane. Mtume Yakobo anawaonya wanaomwaga mtu mwenye njaa kwa maneno mema bila kumpa kitu. Mkubwa wa kazi anayempamba mfanyakazi kwa sifa huku akizuia mshahara wake anamdhulumu. Mazungumzo ya kweli hayachukui nafasi ya haki. Huanza na haki, na mara nyingine hayana budi kuitaja waziwazi.

Sisi wa Uvira tunajua jambo hili lina uzito gani. Kijana asiyeulizwa na mtu yeyote juu ya kazi ya mikono yake hakosi wa kumwita. Wapo wenye bunduki, wapo wenye pombe, wapo wenye ahadi za uongo. Hao wana muda wa kuongea naye. Je, sisi tumekosa muda?

Basi, kabla ya mkutano ujao, kila mmoja wetu amchague mwenzake mmoja kazini, shuleni au sokoni. Atazame kazi yake, amwulize, amsikilize hadi mwisho, kisha wapatane tendo moja dogo ambalo mwenzake mwenyewe amelichagua. Tutakapokutana, tusisimulie siri za mtu. Tuseme tu ni tendo gani limefanyika. Roho Mtakatifu atufundishe kuuliza kabla ya kuhukumu.