Mtoto Mchanga Katika Safari ya Serengeti



Mwezi uliopita mke wa mwalimu mmoja wa hapa Bariadi alinijia na swali. Mumewe ataka kuwapeleka wote Serengeti wakati wa likizo; mkwewe asema mtoto wa miezi minane asitoke nyumbani. Amsikilize nani? Nami nilimjibu kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Tulipomchukua mzaliwa wetu wa kwanza, tuliondoka jua limekwisha kupanda. Tukapita Lamadi, tukaingia kwa lango la Ndabaka. Adhuhuri tulimkuta simba chini ya mti, tukasimama tumngoje ainuke. Mbung'o wakatuvamia, tukafunga madirisha. Macho yetu yote yalikuwa kwa simba. Mtoto alipoacha kulia tulifurahi, tukidhani amelala. Kumbe alikuwa amelegea kwa joto. Midomo imekauka, na nepi yake kavu tangu asubuhi. Tukafungua madirisha, nikamvua nguo, nikamfuta kwa kitambaa chenye maji, nikamnyonyesha, huku gari likigeuzwa upesi kuitafuta zahanati. Alipona; lakini ukimya ule sijausahau hata leo.

Basi nikamwambia yule mama: mumeo hakosei, wala mkweo hakosei. Safari na ipimwe kwa mtoto, si kwa simba.

Kwanza, ondokeni alfajiri. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na wakati huo ni wa baridi. Jua likiwa kali, pumzikeni mahali palipowekwa kwa wageni, maana kwingine ni marufuku kushuka garini. Hifadhi ina kilometa za mraba 14,763. Hamtaimaliza hata mngekwenda bila mtoto. Tena aliye chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio, basi msione hasara kurudi mapema.

Pili, aliye chini ya miezi sita anyonye tu, tena mara kwa mara. Hata maji hayamhitaji. Aliyepita umri huo anyonye vilevile, na apewe maji yaliyochemshwa, na uji uliopikwa siku hiyo hiyo, si uliolala.

Tatu, mvikeni nguo nyepesi za mikono mirefu, za rangi hafifu, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Gari lililofungwa madirisha lisisimame juani hata kidogo. Mkilala huko, alale ndani ya chandarua. Nepi zilizotumika rudini nazo, zisitupwe porini.

Nne, mtoto akipata homa katika majuma yanayofuata, msingoje kesho. Mpelekeni akapimwe malaria, na mmwambie tabibu kwamba mlikuwa Serengeti, ili akumbuke na ugonjwa wa malale.

Juzi walikwenda, wakarudi alasiri. Simba hawakumwona, waliona twiga na pundamilia, na baba alinung'unika kidogo. Lakini bibi alipompokea mjukuu wake mlangoni, alimpapasa paji la uso, akaliona la baridi; akatazama nepi, akaiona imelowa. Akamgeukia mwanawe, akasema, "Mara nyingine nitakwenda nami."

Wazazi wapendwa, simba atakuwapo mwakani. Mtazameni mtoto kwanza.