Kasri la Januari

JIONI YA MAMA, na Zaituni Mbaraka

Januari ina habari zake. Ukikaa na kina mama majuma haya utasikia nani kapangiwa shule gani, nani kapata nafasi ya bweni, nani karudishwa getini kwa sababu ya soksi, nani kaingia chekechea akalia mpaka saa ya uji. Katika kikoba chetu habari hizo tunazitoa kwa namna yetu. Nataka kuitetea namna hiyo, maana imelaumiwa na mtu ninayemheshimu sana.

Watoto wetu wakubwa walimaliza likizo ya Desemba wakitazama tamthilia ya Wednesday, yule binti wa ukoo wa Addams anayepelekwa shule ya bweni iliyojaa viumbe wa usiku. Wakatuambukiza. Tulipokutana Jumamosi kununua hisa, mwenzetu mmoja alijifunika kanga mpaka kwenye nyusi, akatangaza kwa sauti nzito kwamba yeye ni Bibi wa Kasri la Tabata. Binti yake wa kwanza, alisema, amechukuliwa alfajiri na gari jeusi, akapelekwa kwenye mnara wa mbali milimani Lushoto, ambako kengele hulia kabla ya jogoo. Walinzi wa mnara wamedai ndoo mbili, godoro la futi mbili na nusu, tranka lenye kufuli, rimu ya karatasi, fagio la chelewa na jembe lenye mpini. Alipofika kwenye jembe hakuna aliyejizuia. Wa pili akapokea: kasrini kwake kuna mzimu wa miaka mitano, unatembea koridoni usiku na sare inayoburuta, unauliza kama kesho tena ni shule. Wa tatu akaligeukia sanduku letu la akiba, lile la chuma lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, akalifanya hazina ya ukoo iliyolaaniwa, haifunguki mpaka wadaiwa wote wa marejesho wasomwe majina.

Mlezi wetu hakucheka. Ni mama mtu mzima, amesomesha watoto kwa kuuza maandazi, na akisema tunanyamaza. Alisema, “Wanangu, haya mambo hayachezewi.” Mizimu haitajwi kwa mzaha, na wanawake wenye ada za kulipa hawana nafasi ya kufanya maigizo.

Nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo ninaloona limekosewa.

Jibu langu nalichukua kwa mwandishi wa Marekani aliyeitwa Shirley Jackson, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1965 akiwa na miaka 48. Wengi wanaomjua wanamjua kwa hadithi za kutisha. “The Lottery,” iliyotoka katika jarida la The New Yorker Juni 1948, inahusu kijiji kinachopiga kura kila mwaka, kisha kumpiga mawe aliyeangukiwa. The Haunting of Hill House, ya mwaka 1959, ni riwaya ya nyumba inayommeza mgeni wake. Lakini mwanamke huyo alikuwa na watoto wanne katika kijiji cha North Bennington, jimbo la Vermont, mumewe akifundisha Chuo cha Bennington, na fedha nyingi za kuendesha nyumba ile zilitoka kwenye maandishi ya aina nyingine kabisa. Aliuzia magazeti ya wanawake habari za nyumbani kwake: paka, vyombo, mafua, watoto kuanza shule. Akazikusanya katika vitabu viwili, Life Among the Savages cha mwaka 1953 na Raising Demons cha mwaka 1957. Washenzi anaoishi nao na mashetani anaowalea ni watoto wake wa kuwazaa. Humo anasimulia alivyokwenda hospitali kujifungua mtoto wa tatu, karani akamuuliza kazi yake. Akasema mwandishi. Karani akamjibu kwamba ataandika mama wa nyumbani.

Mwezi mmoja baada ya kura ile ya mawe, Julai 1948, jarida la Mademoiselle lilitoa hadithi yake fupi “Charles.” Laurie, mtoto wa kwanza, ameanza chekechea. Kila siku anarudi na habari za mtoto mmoja darasani aitwaye Charles, ambaye leo kampiga mwalimu, kesho kamfundisha msichana neno chafu. Nyumba nzima inanogewa na Charles. Mtoto mchanga akilia mchana kutwa, huyo kawa Charles. Laurie akijaza kigari chake tope na kukiburuta jikoni, kafanya Charles. Hata baba mtu, aliponasa kiwiko kwenye waya wa simu akaangusha simu, kisahani cha majivu na bakuli la maua, alimtaja Charles. Mwishowe mama anakwenda kwenye mkutano wa wazazi, anapitisha macho kwenye viti akimtafuta mama wa mtoto huyo mtukutu. Mwalimu anamwambia darasani hakuna mtoto anayeitwa Charles.

Wasomaji hucheka hapo. Mimi hapo ndipo ninaposhikwa na Laurie, kwa sababu mtoto yule alikuwa akisema kweli siku zote. Shule ilikuwa imemwelemea, alitaka nyumbani wajue, na hakuwa na namna ya kulisema hilo kwa jina lake. Akaumba mtu wa kulibeba. Wazazi wake walimpokea huyo mtu mezani, wakamwachia nafasi, na habari ikaendelea kutoka siku baada ya siku.

Bibi wa Kasri la Tabata alifanya hivyohivyo. Kicheko kilipopungua mtu alimuuliza, “Na mnara wenyewe una madirisha?” Akajibu kwa sauti ileile nzito kwamba yana nondo, na kwamba binti hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Kwetu mama ambaye binti yake amechaguliwa shule nzuri ya bweni haruhusiwi kuhuzunika. Akisema wazi kwamba nyumba imekuwa kubwa ghafla na usiku hapati usingizi, ataambiwa ashukuru Mungu, wangapi wanaitamani nafasi hiyo. Ataambiwa atazoea. Ndani ya kasri hakuna wa kumwambia hivyo, maana katika kasri huzuni ni ada ya mahali. Alisema alilotaka kusema, na kabla hatujafunga kikao mwenzetu mwingine alikumbuka ana dada yake anafundisha karibu na Lushoto, atampitia mtoto siku ya kutembelea.

Na fedha je? Ada ya shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Lakini godoro linanunuliwa na mzazi. Tranka linanunuliwa na mzazi, na nauli pia. Kuna mwenzetu aliyesimulia dragoni wa duka la sare, anayefuka moshi kila mteja anapouliza bei ya sweta, na kwa mchezo huo tukajua kwamba hajanunua sweta. Asingeomba. Ni mtu wa kukopesha, si wa kuomba. Mkopo wa dharura ulipitishwa bila yeye kulazimika kujieleza mbele ya watu. Sasa mtu akiniambia wanawake wale walikuwa wanapoteza muda, nitamwonyesha daftari la katibu.

 

Narudi kwa mlezi wetu na neno lake la kwanza, kwamba haya hayachezewi. Hapa ana haki kuliko tulivyotaka kukubali. Jackson alipenda kujiita mchawi. Wachapishaji wa riwaya yake ya kwanza, mwaka 1948, waliutangaza uchawi huo, naye akaachia watu waamini watakavyo, akafuga paka weusi. Alifanya hivyo katika nchi ambako mwanamke wa miaka ile hakuwa na hatari ya kufa kwa kuitwa hivyo. Na bado alijua jambo hilo limetoka wapi. Mwaka 1956 aliandika kitabu cha watoto, The Witchcraft of Salem Village, kuhusu kijiji cha Massachusetts ambako mwaka 1692 watu 19 walinyongwa na mmoja akabanwa kwa mawe mpaka akafa, baada ya wasichana wachache kuanza kutaja majina.

Sisi hatuhitaji kwenda Salem. Shinyanga, Mwanza, Geita, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi walipokuwa wakiwapikia wajukuu. Kwa hiyo tumeweka mpaka, na nimeuunga mkono kwa moyo wote. Kasrini kwetu hakuna mchawi. Hakuna jirani, hakuna mama mkwe, hakuna bibi mwenye paka. Mizimu na madragoni ni wa kubuni, wametoka vinywani mwetu Jumamosi ileile, na hakuna mtu mtaani atakayeamka na jina lao. Watoto wanasikia tunayoyasema. Mtoto anayesikia mama yake akimwita kikongwe wa nyumba ya tatu mchawi, hata kwa kucheka, amepewa kitu kibaya cha kwenda nacho shuleni.

Kuna jambo la pili ambalo mlezi hakulisema, ila nililiwaza njia nzima nikirudi. Mchezo lazima ujue pa kukoma. Ruth Franklin, aliyechapisha wasifu wa Jackson mwaka 2016, anaeleza kisa cha Sarah, binti wa pili, ambaye darasani kwake kulikuwa na mwalimu aliyewaadhibu watoto kwa ukatili. Mama yule mwenye kipaji cha kugeuza kila fujo ya nyumbani kuwa hadithi tamu hakuligeuza hilo. Yeye na wazazi wachache walilalamika rasmi. Sehemu kubwa ya kijiji ikasimama na mwalimu, mwenyeji wao, dhidi ya mama mgeni mwenye vitabu vya ajabu. Alilipa gharama ya kuchukiwa mahali anaponunua mkate. Ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa Hill House.

Jumamosi ile ile, mwishoni kabisa, mwenzetu mmoja alianza kusimulia jitu la kasri jirani, lenye fimbo ya mpera, linalosimama mlangoni mwa darasa la tatu. Tulikuwa tumeshaanza kucheka. Katikati ya sentensi aliitoa kanga kichwani akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba kiganja cha mwanawe kimevimba, hashiki penseli. Hakuna aliyemwambia aendelee na sauti ya kasri.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 2002, haziruhusu mwalimu yeyote tu achape. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Viboko havizidi vinne. Mtoto wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kila adhabu huandikwa kitabuni, kosa gani, viboko vingapi, nani kachapa. Mimi ningependa kanuni hizo zifutwe na viboko viondoke kabisa, na nimeliandika hilo hapa kabla. Lakini hata zilivyo zinampa mzazi swali la kuuliza, na wazazi wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kuliuliza. Wanadhani kufika ofisini kwa mwalimu mkuu ni utovu wa adabu, au kwamba mtoto atalipiziwa.

Jumanne tunamsindikiza mwenzetu huyo shuleni. Tumepatana tuingie kwa shikamoo, tusipaze sauti, mtoto awepo na kiganja chake kionekane, na tuombe kuonyeshwa kitabu cha adhabu.