Mgongo wangu hauko kwenye promosheni

Hivi jamani, nani aliwaambia wenye kliniki za fiziotherapia kwamba mgonjwa ni mteja wa vocha? Niliacha anwani yangu ya barua pepe kwenye kliniki moja hapa Dar nilipompeleka mzee wangu baada ya kiharusi, nijulishwe miadi yake basi. Sasa kila Jumatatu naletewa: "Mgongo unauma? Usisubiri upooze! Punguzo asilimia 20, mwisho Ijumaa."

Huu ni utapeli uliovaa koti jeupe. Maumivu mengi ya kawaida ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na ushauri wa kwanza ni kuendelea kutembea. Mtaalamu analijua hilo, halafu ananitisha na kupooza! Tena anwani niliitoa kwa ajili ya matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya kwenye taarifa nyeti, na inanipa haki ya kuyakataa matangazo.

Sisemi wasijitangaze, kodi za pango za Dar tunazijua. Waniombe ridhaa kwanza, kisha wanitumie mazoezi ya bega ambayo mzee anaweza kuyafanya akiwa kitini. Waeleze na dalili za hatari: mgongo unauma, mapaja kwa ndani yamekufa ganzi, mkojo hauzuiliki, hapo ni hospitali, mbio. Barua kama hiyo hata jirani zangu ningewatumia.