Adabu za Msafiri: Katika Mapango ya Dambulla

Wahenga wameacha methali mbili ambazo yaonekana zapingana. Ya kwanza yasema, "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho." Ya pili yasema, "Mwacha mila ni mtumwa." Mtu aendaye katika nchi ya watu wa dini nyingine huzichukua methali hizo zote mbili, na akifika mlangoni pa nyumba yao ya ibada hujiuliza aifuate ipi. Je, akivua viatu penye sanamu, ameiacha dini yake? Na asipovua, je, hakuwatukana wenyeji wake? Mahali pafaapo kulipimia swali hili ni mapango ya Dambulla, katika kisiwa cha Sri Lanka.

Kisiwa hicho, ambacho mpaka mwaka 1972 kiliitwa Ceylon, si kigeni kabisa kwa watu wa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa King's African Rifles walipelekwa huko kukilinda, wakakaa na kufanya mazoezi mpaka walipopelekwa vitani Burma mwaka 1944. Basi watu wa kwetu wamekwisha kuwaona watawa wa Kibudha katika mavazi yao ya rangi ya manjano, na watu wa kisiwa hicho wamekwisha kuwaona Waafrika.

Dambulla iko katikati ya kisiwa, kaskazini ya mji wa Kandy. Hapo pana mwamba mkubwa ulioinuka peke yake juu ya nchi tambarare, urefu wake kadiri ya mita 160. Ubavuni mwake, chini ya jiwe lililotokeza kama ukingo wa paa, mna mapango matano makuu yaliyofanywa hekalu. Yasimuliwa kwamba katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, Mfalme Valagamba alifukuzwa na adui katika mji wake wa Anuradhapura, akajificha mapangoni humo. Alipourudia ufalme wake baada ya miaka zaidi ya 14, hakuwasahau waliomsitiri. Akayafanya mapango kuwa mahali pa ibada. Karne ya kumi na mbili ilipokaribia kwisha, Mfalme Nissanka Malla aliamuru sanamu zipakwe dhahabu. Na katika karne ya kumi na nane, zamani za Mfalme Kirti Sri Rajasinha, kuta na dari zilichorwa upya karibu zote.

Kazi ya mikono iliyomo ni ya kustaajabisha. Juu ya milango ya mapango mafundi wa kale walichonga mchirizi mwambani, ili maji ya mvua yadondoke nje wala yasitambae ndani na kuharibu michoro. Katika pango la kwanza yumo Budha aliyelala ubavu, urefu wake kadiri ya mita 14, aliyechongwa katika mwamba wenyewe. Ndivyo walivyomwonyesha saa ya kufa kwake. Pango la pili ndilo kubwa kuliko yote, lina urefu wa mita 52 hivi. Humo, pamoja na sanamu nyingi za Budha, zimo za miungu ya Kihindu na za wale wafalme wawili, Valagamba na Nissanka Malla. Maji hudondoka kutoka darini tone kwa tone, hukingwa katika chombo, na wenyeji huyahesabu kuwa matakatifu. Sanamu zote ni zaidi ya 150, na mwaka 1991 mahali hapo paliandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu.

Msafiri hupanda ngazi za mawe muda si mfupi, huku kima wakimvizia. Mwenye chakula mkononi na akifiche. Akifika juu huvua viatu na kofia, akaviacha kwa watunzaji walioko nje. Jua la adhuhuri hulichoma jiwe likawa kama kikaango, kwa hiyo mwenye nyayo laini hufanya vizuri kuvaa soksi, maana hizo hazikatazwi. Nguo zifunike mabega na magoti, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Ndani husemwa kwa sauti ya chini, wala sanamu haziguswi. Mwenye kamera asiwashe taa yake, kwa kuwa mwanga mkali huharibu rangi za kale. Na jambo kubwa kuliko yote, mtu asisimame akiipa sanamu mgongo ili apigwe picha, wala asiiegemee. Mwanamke asimpe mtawa mkono wala asimguse, maana mtawa amejifunga kwa nadhiri.

Mwenye kuangalia kwa makini atawaona wenyeji, wengi wao wamevaa nguo nyeupe, wakiweka maua ya yungiyungi mbele ya sanamu. Asidhani kwamba amekwisha kuelewa. Kwa mafundisho yao, Budha si Mungu Muumba. Alikuwa mtu aliyeiona njia, akawafundisha wengine. Ua lililowekwa asubuhi hunyauka jioni, na kunyauka huko ni somo: ndivyo mwili wa mwanadamu utakavyokuwa. Hata Mkristo au Mwislamu asiyeweza kabisa kuinama mbele ya sanamu, somo hilo halitamdhuru.

Wala hakuna amwombaye ainame. Hapo ndipo swali la mlangoni lijibiwapo. Kuvua viatu ni heshima kwa mwenye nyumba. Kuabudu ni jambo la moyo, na moyo haushikwi na mwenyeji. Mtalii asiye Mwislamu huvua viatu mlangoni pa msikiti wa Lamu, naye hasilimu kwa hilo. Mwanamume huvua kofia kanisani hata kama hakubatizwa. Kule Kwale, mgeni aingiapo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, hufungwa kaniki kiunoni, akatoka humo na dini yake ile ile.

Lakini kudharau kuna gharama. Mwaka 2012 watalii watatu kutoka Ufaransa walihukumiwa huko Sri Lanka kifungo kilichoahirishwa, kwa kuwa walipigwa picha wakiibusu sanamu ya Budha kama mchezo. Yamkini hawakukusudia ubaya, bali kutojua hakukuwa kinga. Wenyeji nao wana wajibu wao. Mwaka 2014 mgeni mmoja kutoka Uingereza alifukuzwa nchini humo kwa sababu ya picha ya Budha iliyochorwa katika ngozi ya mkono wake, naye alimheshimu Budha. Na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo iliamua kwamba alidhulumiwa, ikaamuru alipwe fidia. Basi adabu ni deni la pande mbili: mgeni asidharau, na mwenyeji asihukumu kwa haraka.

Kwa hiyo zile methali mbili hazipingani. Mwenye kuishika mila yake kwa moyo thabiti hana haja ya kuogopa kufumba jicho kwa saa moja. Mwenye hofu ni yule ambaye mila yake imelegea, akadhani itavuka pamoja na viatu. Na kijana yeyote apatapo safari, iwe ya ng'ambo au ya kijiji cha jirani, na aulize mlangoni kabla ya kuingia: "Hapa mwafanyaje?" Neno hilo halina nauli, nalo hufungua milango mingi.